Kamba Mbili, Mkono Mmoja

Mimi bahari ile sijawahi hata kuitia kidole, lakini mambo yake ya chini nayajua kuliko Wabelgiji wengi. Niulize. Niulize kaa anajificha wapi meli ikilala ubavu, nitakwambia. Niulize maji yana rangi gani mwezi wa nne, bado yana baridi ya kuuma mifupa, nitakwambia ni kijani kizito, kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyolala. Yote haya nimejifunza Ganshoren, mtaa wa huku Ubelgiji, jikoni kwangu, ghorofa ya tatu, huku vitunguu vinaungua.

Mume wangu Nassoro ni mzamiaji. Kwetu Bujumbura alikuwa anazamia ziwa Tanganyika, anakamata vile visamaki vya rangi ambavyo wazungu wanaviweka kwenye vioo sebuleni. Huku amepata kazi na kikosi cha watu wa utafiti. Wanatoka na boti, wanashuka kwenye meli zilizozama zamani za vita, na wanapiga filamu ya viumbe wanaoishi juu ya chuma. Alhamisi alfajiri anapanda treni stesheni ya Gare du Midi kwenda pwani, Jumamosi mchana yuko nyumbani, midomo imepasuka kwa chumvi. Halafu filamu lazima zihesabiwe. Kila dakika moja unasimamisha picha, unaandika kaa wangapi, nyota wa bahari wangapi, samaki wangapi, unaruka mpaka dakika nyingine. Macho ya Nassoro yamechoka na kalamu kwake ni nzito, basi anayehesabu ni mimi, bure. Nilishalalamika, nikanyamaza, nikalalamika tena.

Kitabu chao kina majina ya Kilatini, na mimi ulimi wa Kilatini sina. Tukawapa majina yetu. Kuna kile kinachoota kwenye chuma kama ua, shina nene jeupe na juu manyoya tele, ukikigusa kinajivuta chote ndani. Hicho ni Bi Harusi, kwa kujifunika. Kuna samaki wa mistari wanaotembea makundi, hawana kazi, wanamfuata Nassoro kila anapokwenda. Hao ni Wambeya. Kuna mkunga mkubwa anayekaa ndani ya bomba la meli, kichwa peke yake kinatoka, naye tumemwita Propriétaire, kwa sababu ana uso wa mwenye nyumba wetu wa kwanza. Na kuna vinyama vyeupe vilivyovimba, vimesimama pamoja kama vidole vya mtu aliyekaa sana majini. Waflamandi, wenyeji wa pwani ile, wanaviita vidole gumba vya maiti. Hivyo hatukuvipa jina, tunaandika idadi tu na kuendelea.

Sasa nisikilize. Jumamosi moja ya mwezi wa nne Nassoro alikuwa anaoga, mimi nimekaa na filamu yake. Meli ya mizigo, mita thelathini chini. Taa yake inaonyesha hatua tatu mbele, baada ya hapo ni kijani, baada ya kijani ni giza. Pumzi yake inasikika, inaingia kwa mluzi, inatoka kwa mapovu. Dakika ya kumi na saba nikasimamisha. Kaa wanane, nyota kumi na mmoja. Na kwenye reli ya meli, katikati ya Bi Harusi, palikuwa na kamba nyeupe imefungwa.

Nilitazama lile fundo, mikono ikaanza kuniwasha. Lilikuwa fundo la baba yangu.

Baba alikuwa mchukuzi bandarini Bujumbura, na alikuwa na fundo lake mwenyewe. Unazungusha mara mbili, unapitisha ncha chini, unairudisha ilikotoka. Likivutwa linakuwa gumu kama mfupa. Alitufundisha watoto wake wawili, mimi na mdogo wangu Shafii, na hakuna mwingine aliyeliweza. Nassoro alijaribu wakati wa uchumba wetu, akashindwa, tukamcheka mpaka akanuna. Baba amekufa. Shafii amekufa. Duniani nilibaki mimi, na mimi nilikuwa Ganshoren.

Nikaiacha filamu iendelee. Kamba ilikuwa imelegea. Ikakazika mara moja, ikalegea. Ikakazika mara ya pili. Ikakazika mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka Bi Harusi wa karibu wakajifunika. Kisha ikatulia. Kwenye kamba hakuna mtu.

Kwa mzamiaji, kuvuta mara moja ni kusema niko salama. Mara mbili ni kusema nipe kamba. Mara tatu ni kusema nivute.

Nilizima. Nassoro alipotoka bafuni nikamgombeza kwa sababu ya maji sakafuni. Hesabu za dakika zilizobaki nilizitunga. Watafiti wanisamehe, mwezi wa nne kaa wao hawakuwa wengi kiasi kile.

Bon. Hapa lazima niseme jambo, na nitalisema mara moja, kwa sababu hata mara moja ni nyingi.

Kwetu kazi ya kuzamia ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, wawili wakishuka, wawili wapande. Ya pili, kamba inakaa mkononi mwa mtu, haifungwi kwenye mtumbwi, kwa sababu mtumbwi hausikii. Mshika kamba nilikuwa mimi. Watu walisema si kazi ya mwanamke. Niliwajibu, wakanyamaza. Nilikuwa na mkono na nilikuwa na mdomo, na mtumbwi wa samaki wa rangi unahitaji vyote viwili, maana wezi wa ndoo ni wengi.

Siku ile walishuka Nassoro na Shafii. Mkono wa kushoto nimeshika kamba ya mume wangu, mkono wa kulia kamba ya ndugu yangu. Shafii alikuwa na miaka ishirini na tatu na utani usiokwisha. Siku nyingine alikuwa anavuta mara tatu kwa kucheza tu, nimvute mbio moyo ukinitoka, atokeze kichwa anacheka. Nilishamtukana kwa hilo zaidi ya mara moja. Sasa akaja mwanamume mmoja na mtumbwi wake, akatia nanga juu ya mwamba wetu, akaingiza mkono kwenye ndoo yetu mchana kweupe, mbele ya macho yangu. Nikaanza. Mungu aliniumba hivi, siwezi kugombana bila mkono wa kulia. Nikaifunga kamba ya Shafii kwenye ubao wa kukalia, fundo la baba, ili nimnyooshee yule mwizi kidole vizuri. Ya Nassoro nikabaki nayo. Nimesema. Nilishika ya mume, nikafunga ya ndugu.

Sijui niligombana kwa muda gani. Ukiniuliza nitakwambia dakika mbili, lakini mwenye hasira saa hana. Kilichonigeuza ni kamba ya Nassoro, ilinichoma kiganja kwa kasi. Alikuwa ameshatokeza juu nyuma ya mgongo wangu na ameshashuka tena. Nilipotazama ubao, kamba ya Shafii ilikuwa imelala pale, imelegea, haina fundo. Nassoro alimpandisha kifuani, ameshakufa. Mpira wa hewa ulikuwa umebanwa na jiwe.

Mama mzazi alitupigia kelele tangu utotoni kwamba hasira hasara, na mimi nilikuwa namjibu kwamba upole nao una hasara zake. Sikujua nilikuwa naongea nini.

Kutoliona lile fundo kulinipa pa kujificha. Nikajiambia labda sikufunga. Labda niliizungusha tu, ikafunguka yenyewe. Lakini fundo la baba halifunguki lenyewe, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Matangani, mama alimsimamisha Nassoro mbele ya watu wote. Akamwuliza, mlishuka wawili, ulipandaje peke yako? Nassoro akaangalia mkeka, hakujibu. Mimi nilikuwa kwa wanawake, kanga mdomoni, sikujibu. Mwaka uliofuata tukakimbia vita, tukafika huku. Na kwa miaka kumi na moja mama yangu hajapokea salamu ya mume wangu. Jumapili saa kumi jioni anapiga simu kutoka Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura. Nassoro akisikia inalia, anainuka, anatoka balkoni, anafunga mlango wa kioo nyuma yake mpaka tumalize, mvua iwepo isiwepo. Mimi namtazama mgongo wake umelowa, naongea na mama habari za sukari na miguu yake.

Ndiyo maana nilipoliona lile fundo chini ya bahari ya baridi, ambako hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufa kwa ninavyojua, sikutafuta maelezo. Nilijua ni nani. Amenifuata. Ametoka Tanganyika, mito na bahari amevipitaje sijui, wafu hawahitaji visa. Amefika, amekuta mume wangu anashuka na kamba, na anavuta mara tatu ili aone kama safari hii nitasikia.

Kwenye filamu ya wiki ya pili fundo lilikuwepo, dakika ya kumi na tano. Ya wiki ya tatu lilikuwepo, dakika ya kumi na nane. Mahali pale pale kwenye reli. Nilikuwa nikifika hapo naruka, natunga idadi, nafunga kompyuta. Usingizi ukanitoroka. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakohudumia, nilimfokea kila mtu, mpaka mwenzangu Cécile, mama wa Goma asiyekasirika, akaniuliza, Maman Zaituni, hii pilipili unakula siku hizi unainunuaka wapi, na mi niikimbie. Nyumbani nikishika mfuko wa sokoni nahisi mpini unanivuta kiganja cha kulia. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Nauweka chini, nautazama. Viazi.

Nassoro naye alikuwa anapungua. Hakuwa mgonjwa, alikuwa mpole kupita kiasi, na mume akizidi upole huwa kuna mahali anakokwenda. Akitoka pwani anakaa mezani, anaweka kompyuta mbele yangu, ananitazama nikihesabu. Zamani alikuwa anasinzia. Sasa alikuwa ananitazama mimi, hatazami filamu. Nikasema ndani yangu, naye ameliona. Naye anajua Shafii yuko kule. Nikazidi kunyamaza.

Kisha akapiga simu Modeste. Modeste ni kijana wa Bukavu, ndiye anayeshika kamba ya Nassoro juu ya boti, na ndiye aliyemtafutia ile kazi. Ilikuwa Ijumaa, boti imerudi bandarini mapema. Mimi nilikuwa barabara ya Chaussée de Wavre, nimesimama mbele ya duka la vyakula, nabishana na mwenye duka kwamba ndagala zake, dagaa wale wa kwetu, zina mchanga. Nikapokea kwa ukali. Yeye huniita yaya, dada mkubwa kwa lugha ya kwao, na akaongea taratibu, kama mtu aliyejipanga siku nyingi.

“Yaya Zaituni, bon, mi sipendaka kuingia mu mambo ya nyumba ya batu. Lakini kamba ya papa Nassoro iko kama imefungwa ku jiwe. Nikivuta, hanijibu. Dakika dix, dakika douze, kumi na mbili nzima. Halafu ananijibu kama vile hakuna kitu. Leo maji yalianza kukimbia na alikuwa bado kule chini. Patron, mkubwa wa kazi, hajajua. Mi sijamwambia, lakini siku moja papa Nassoro atabaki kule, yaya, na mi ndiye nitakuwa nashika kamba.”

Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Niliacha ndagala kwenye mizani nikaondoka, na mwenye duka akaniita mpaka akachoka. Niliwaza hivi nikiwa kwenye tramu: Shafii hakuja kunitisha. Amekuja kuchukua. Nilishika ya mume nikafunga ya ndugu, sasa ndugu anataka ya mume nayo ifungwe. Na mtu pekee anayeweza kumwambia hapana ni mimi, kwa kusema lile nililolificha, na nikilisema sitabaki na mama wala na mume. Kama sisemi, Alhamisi moja Nassoro atapanda treni ya Midi na Jumamosi hatarudi. Hayo ndiyo yalikuwa mbele yangu, na hakukuwa na njia ya tatu.

Jumamosi alirudi, akaweka kompyuta mezani, akalala. Safari hii sikuhesabu. Sikusimamisha, sikuruka. Niliitazama filamu kama watu wanavyotazama filamu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Alishuka. Mchanga ukatokea kwanza, minyoo wamejijengea vijumba vyao vya mchanga vyenye mashungi, samaki bapa akajifukia, macho mawili yakabaki nje. Halafu ukuta wa meli, umejaa Bi Harusi wazi wote, weupe na rangi ya machungwa, na vile vidole. Wambeya wakaja. Propriétaire akatoa kichwa. Dakika ya kumi na nne mkono wa Nassoro, na glavu yake nyeusi, ukaiweka kamera juu ya chuma, ikaelekea reli. Akairekebisha kidogo, akairekebisha tena, mpaka reli ikawa katikati ya picha. Kisha ule mkono ukaenda kiunoni kwake, ukafungua kishikizo, ukaitoa kamba. Ukaizungusha kwenye reli mara mbili. Ukapitisha ncha chini. Ukairudisha ilikotoka.

Nilikuwa nimesimama, sikumbuki niliinuka lini. Wiki nne nilikuwa natazama picha za dakika kwa dakika, na hili lote lilikuwa linapita katikati ya dakika.

Nassoro aliliacha fundo likitazamana na kamera, akaogelea ukingoni mwa mwanga, akakaa mchangani. Ndiyo, alikaa, magoti juu, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja basi. Hana kamba. Pumzi yake ikasikika kwa mbali. Ngisi mmoja akaja polepole, akaipapasa kamba kwa mikono yake, akabadilika rangi, akaondoka. Kamba ikakazika mara moja, mara mbili, mara tatu. Sasa nilijua ni Modeste yuko juu, au ni boti inacheza kwenye mawimbi. Niliijua sababu na bado kiganja kikaniuma.

Dakika ya ishirini na tano vumbi la majini lilianza kuteleza upande mmoja. Pale bahari inasimama kwa muda mfupi tu, si ya kujaa wala ya kupwa, na huo ndio muda wa mzamiaji. Ulikuwa umekwisha. Wambeya wakageuka wote kuelekea mkondo. Bi Harusi wakainama wote upande mmoja. Nassoro hakuinuka. Nilimwona mchanga unamwondoka chini ya miguu na hakuinuka. Nilikuwa namwambia kwa sauti, jikoni kwangu, inuka, wewe mwanamume, inuka, na yeye mwenyewe amelala chumba cha pili anakoroma. Dakika ya thelathini na moja ndipo akashika reli, akafungua fundo, akajirudisha kwenye kamba.

Sikumwamsha. Nilikaa na kanga begani mpaka kukapambazuka.

Jumapili alikwenda soko la Midi kama kawaida, akarudi na nanaa na zeituni na kuku wawili. Nilimwacha aweke vitu. Nilimwacha anywe chai. Saa tisa na nusu nikaanza, na nilianza kwa njia ninayoijua, kwa matusi. Nikamwambia ni mjinga, ana watu wanaomtegemea, Modeste ana watoto, nani alimfundisha lile fundo, anataka niwe mjane kwenye nchi ya mvua. Alingoja ukali uniishe. Uliponiisha sikuwa na kitu kingine cha kushika.

“Niliifunga,” nikasema. “Ile kamba ya Shafii. Niliifunga kwenye ubao.”

“Najua,” akasema Nassoro.

Aliongea akiangalia chai. Alisema alipotokeza siku ile mimi nilikuwa nimempa mgongo, naonyesha kidole. Aliiona kamba ya Shafii imefungwa. Alitaka kuivuta, fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Akavuta, kamba haikuja, ndipo akaifuata chini. Baadaye, matangani, alinitazama upande wa wanawake akaona kwamba sijui kama anajua. Akasema, basi, likae hivyo.

Nikamwuliza kitu nilichokuwa nimekikimbia miaka kumi na moja. Nikamwuliza, ulipoiona, ilikuwa bado inavutwa?

Akasema ilikuwa imetulia. Mimi nimeishi na yule mtu miaka kumi na minane, uso wake akidanganya naujua. Sikuuliza tena.

Fundo, alisema, alijifunza hapa hapa Ganshoren. Kila wiki nafunga mifuko myeupe ya takataka kwa fundo la baba, na kila wiki kuna kitu nimekitupa ambacho kinatakiwa, na yeye ndiye anayetumwa kuifungua. Miaka kumi ya takataka. Ukiwa na akili utajua kulifunga. Nilitaka kucheka, kikatoka kilio.

“Kwa nini hukumwambia mama?” nikamwuliza. “Kwa nini ulikubali akufanye muuaji?”

“Ulishika yangu,” akasema. “Ningesema nini? Kwamba ulikuwa na kamba mbili na mkono mmoja, ukanichagua mimi? Nikishuka kule na kamba kiunoni naona si yangu, Zaituni, ni yake. Naiweka pale kidogo, ikae bila mimi. Na nilijua utaiona, kwa kuwa unahesabu. Nilikungoja juu miaka yote hii, nikachoka, nikaanza kukungojea chini. Ungesema siku yoyote, ningepanda.”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi niliyaficha, na kifo kilikuwa kimemkalia mwenzangu, kila wiki, mchangani, magoti juu. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua niombe ya lipi kwanza.

Saa kumi simu ikalia. Nassoro akainuka kwa mazoea, mkono tayari kwenye mlango wa balkoni. Nikamwambia akae. Akanitazama. Nikamwambia tena, kaa, na sauti yangu haikuwa ya ugomvi, naye akakaa.

Mama akaanza na miguu. Miguu imevimba, daktari amesema hivi na vile, bei ya mkaa imepanda. Nilimwacha amalize miguu. Kisha nikamwambia, mama, kuna jambo la Shafii. Nikalisema lote, bila kulipamba. Mwizi wa ndoo, mkono wa kulia, ubao, fundo la baba. Nikasema nilishika ipi. Nikasema Nassoro aliona na akaninyamazia, na salamu zote ambazo mama alimkatalia, za kukataliwa zilikuwa zangu.

Nilisikia pikipiki inapita nje kwao, nikasikia mtu anatwanga, nikasikia pumzi ya mama inaingia na kutoka. Nilihesabu. Ndiyo kazi yangu, kuhesabu. Nilifika kumi na tisa.

“Mpe simu Nassoro,” akasema mama.

Alipokea kwa mikono miwili. Sauti ya mama ilisikika mpaka nilipokaa, ni mzee, hajui kuongea taratibu kwenye simu.

“Mwanangu,” akasema. “Umekula?”

Nassoro alifungua mdomo mara mbili hakikutoka kitu. Mara ya tatu akasema, bado, mama. Mama akamwambia ale, asikae na njaa, huko kuna baridi. Nassoro alikuwa analia wazi, machozi mpaka kwenye ndevu, anaitika kwa kichwa kana kwamba anaonekana. Aliponirudishia simu niliiweka sikioni. Ilikuwa imeshakatwa.

Hayo ni ya mwezi wa tano. Sasa tuko wa tisa. Nassoro anashuka na kamba yake, na Modeste amenipigia kusema kwamba siku hizi papa Nassoro akivutwa anajibu kabla hata hujamaliza. Mimi bado nahesabu. Naangalia filamu zote, dakika na katikati ya dakika. Reli ile haina kitu tena, Bi Harusi wameota mahali palipokuwa na kamba, na nimewaandika, kumi na wanne. Siku moja moja, picha ikiwa imesimama, kiganja cha kulia bado kinavutwa mara tatu. Sasa sikiweki chini. Nakifumba, nashika, mpaka kitulie.

Jumapili saa kumi simu inalia, lakini ni ya Nassoro. Mama aliomba namba yake kwa watu wa nyumbani. Wanaongea habari za miguu, za sukari, za bahari. Mimi nachukua kapu la nguo, natoka balkoni, nafunga mlango wa kioo nyuma yangu, mvua iwepo isiwepo. Wakimaliza Nassoro ananigongea kioo, naingia, ananiambia mama hajambo. Namwuliza kama amesema kitu kingine. Anasema hapana.

Mama hajaniuliza kama nimekula.